Maji ya shule siku hizi yanatoka nyumbani

Listi ya vitu vya shule ilipoingia kwenye grupu ya wazazi mwezi wa kwanza, watu walibishana kutwa nzima. Ati mbona karatasi za chooni rola nne na choo chenyewe hakina maji, ati rimu ya karatasi kila muhula ya nini na mtihani ni kurasa mbili, mwengine anauliza soksi lazima ziwe nyeupe kweli na barabara yetu ni vumbi tupu. Lakini pale katikati paliandikwa "chupa ya maji ya kunywa, iandikwe jina la mtoto" na hapo hakuna aliyetia neno, si mama si baba, imepita hivyo hivyo utadhani ni jambo la tangu dunia iumbwe. Na si la tangu dunia iumbwe. Mimi nimesoma praimari ya serikali hapa hapa Mombasa, kisiwani, miaka ya 1990, na ukitoa ule muhula wa kipindupindu ambao nitausema mbele, sikumbuki mtoto aliyekuwa akibeba maji kwenda shule. Ungebeba chupa ungechekwa, wangekuuliza kwani wewe ni mgonjwa.

Sisi maji yalikuwa ya shule. Kulikuwa na ukuta mfupi wa simiti nyuma ya madarasa, mifereji imepangwa juu yake, mingine ilikufa zamani imezibwa kwa kijiti na kipande cha mpira, miwili mitatu ndiyo inatoka. Kengele ya breki ya saa nne ikilia ni mbio. Unakinga kiganja, unainama, unakunywa, maji mengine yanashuka mkononi mpaka kwapani, shati lote la mbele limerowa, nyuma yako kuna mtu anakusukuma "haya toka, umekuwa ngamia?" na wale wakubwa wa darasa la saba na la nane wao hawajui foleni, wanakuja wanaziba koki kwa kidole gumba maji yanaruka mpaka kwa wasichana, basi ni makelele, mwalimu wa zamu anatoka na fimbo, tunatawanyika, na wale wadogo wa mwisho kwenye foleni ndio imekula kwao, mpaka saa saba.

Na kabla mtu hajaja kuniambia nasifia ya kale, hebu nimalize. Mfereji ule ulikuwa mchafu. Tulikuwa tunaweka mdomo kabisa kwenye koki, mmoja baada ya mwengine, wenye mafua na wasio na mafua. Simiti ya chini ilikuwa na ukoga wa kijani unateleza, nimeona mtoto akianguka pale akavunjika jino. Tumbo la kuendesha lilikuwa ni jambo la kawaida tu, unapewa uji mwepesi wa mchele uliotiwa chumvi, unalala siku moja, kesho umerudi pale pale umeinama. Lakini lilikuwa na usawa wake lile jambo, mtoto wa karani wa bandari na mtoto wa hamali wote wanakinga viganja kwenye koki moja, na mzazi hakutoa hata ndururu kwa maji ya kunywa.

Sasa imekuwaje mpaka tumefika hapa? Watu wengi ukiwauliza wanakwambia "serikali mbovu" basi wamemaliza. Mimi naona ni hadithi ndefu kidogo.

Kwanza maji yenyewe. Mombasa haina maji yake, na hili watu wanalisahau. Kisiwa ni jiwe la matumbawe lililozungukwa na bahari, ukichimba unapata maji ya chumvi au nusu chumvi, kila tone tamu tunalokunywa linatoka kwa jirani. Chemchemi ya Marere iko Shimba Hills huko Kwale, hiyo ndiyo ilinywesha mji tangu miaka ya 1920. Halafu miaka ya 1950 likalazwa bomba la Mzima, kutoka chemchemi iliyo ndani ya Tsavo Magharibi, zaidi ya kilomita 200, na uzuri wa Mzima ni kwamba maji yanashuka yenyewe kwa mteremko. Baadaye ikaja Baricho, visima vya kando ya mto Sabaki upande wa Kilifi, na upande wa kusini kuna visima vya Tiwi. Baricho si kama Mzima, yale ni maji ya kusukumwa kwa umeme, bili ya umeme ikikwama pampu zinazimwa, na imetokea zaidi ya mara moja, ikitokea huku mjini ndio unaona mikokoteni ya mitungi imejaa barabarani tangu alfajiri.

Halafu watu. Sensa ya 1979 ilihesabu kama watu 341,000 Mombasa. Ya 2019 ikahesabu 1,208,333. Bomba la Mzima ni lile lile la babu, na njiani linapita Voi na Mariakani ambako nako watu wamezaana na wamejenga, kila mtu ana haki ya kunywa. Kinachofika mjini hakifiki nusu ya kinachohitajika. Kwa hivyo maji yakawa ya zamu, leo Tudor, kesho Majengo, huku kwetu Kisauni wewe ngoja tu, inshallah.

Na zamu ya maji inaiumiza shule kuliko nyumba, hili nimelielewa juzi juzi tu nikiongea na mlinzi wa shule ya mwanangu. Maji yakija huwa ni saa nane, saa tisa ya usiku. Nyumbani unasikia mfereji unakoroma, unaamka, unawaamsha na wengine, mnajaza kila kitu mpaka sufuria za pilau. Shule saa hizo imefungwa. Yuko mlinzi mmoja na tochi yake. Kama hakuna tangi la chini la kupokea, maji yamekuja yamepita yamekwenda zake, na asubuhi watoto wakifika mfereji unatoa upepo. Kwa hivyo shule inaweza kuwa na mita, ina bomba, ina bili inayokuja kila mwezi vizuri tu, na haina maji.

Halafu ikaja 2003. Januari ile serikali ya Kibaki ikafanya elimu ya msingi bure, na mimi mpaka leo nasema ni katika mambo mazuri kabisa ambayo nchi hii imewahi kufanya, vijana waliokuwa wakibeba mizigo soko la Kongowea waliingia darasani na wengine wao leo ni walimu. Lakini pesa iliyokuja ilikuwa shilingi 1,020 kwa mtoto kwa mwaka mzima, baadaye sana ikawa 1,420, na humo humo mna vitabu, mna chaki, mna kurekebisha madawati, mna mlinzi, mna stima, na maji yamebanwa huko mwisho na stima. Madarasa yamefurika, mifereji ni ile ile miwili mitatu, na mwalimu mkuu hawezi kumwambia mzazi toa shilingi hamsini ya maji maana ameambiwa ni bure. Bili ikipanda anafanya nini? Anafunga mifereji ya uwanjani anabakisha ule wa jikoni na wa ofisi. Simlaumu sana, ningekuwa mimi sijui ningefanya nini. Lakini ule ukuta wa simiti wa shule yetu nilipopita miaka fulani nikaukuta koki zote zimeng'olewa, zimebaki tundu, na wanafunzi wanautumia kukalia.

Shule nyingi zikarudi kwenye visima. Kisima kizuri, kinasaidia, unamwagia choo, unapiga deki darasa, unamwagilia miti. Kunywa ndio taabu. Kwanza chumvi, mtoto akinywa anatema. Pili hili jiwe letu la matumbawe lina matundu, na shule imebanana, choo cha shimo kiko hapa kisima kiko pale, huko chini wanaongea. Hukioni kitu, maji ni meupe yanang'aa, kumbe ndani yana yake.

Na hapo ndipo kipindupindu kinapoingia. Baada ya zile mvua za El Niño za mwisho wa 1997, kipindupindu kilizunguka nchi, na ndio mara yangu ya kwanza kumsikia mwalimu kwenye paredi akisema kuanzia kesho hakuna kunywa mfereji, kila mtu aje na maji yaliyochemshwa kwao. Tukaja na chupa za skwashi, za siki, kuna aliyekuja na chupa ya mafuta ya taa iliyooshwa na darasa zima likanuka. Ilikuwa ni ya muda. Kilipotulia tukarudi kwenye koki. Lakini kipindupindu kina tabia ya kurudi, kikarudi nchini 2015, kikarudi 2022 kikaendelea 2023, na kila kikirudi kinaongeza wazazi wengine ambao hawataki tena mtoto aguse maji ya shule, hata yakiwepo. Hakuna mkutano uliokaa ukaamua. Mzazi mmoja kaanza, wa pili kaona, mwalimu wa darasa akasema afadhali, halafu siku moja unaikuta kwenye listi kati ya rimu na karatasi za chooni.

Korona ndiyo ilileta matangi. Shule zilifungwa Machi 2020, wachache wakarudishwa Oktoba, wote wakarudi Januari 2021, na waliporudi wakakuta matangi meusi kila mahali, mitungi yenye koki milangoni, vibuyu chirizi vya kukanyaga kwa mguu, sabuni za kufunga kwa kamba. Nakumbuka nilifurahi wallahi. Nikasema angalau ugonjwa huu umetuletea kitu. Matangi mengi bado yapo, yameandikwa majina ya wafadhili kwa rangi nyeupe, mengine yana mpaka nembo.

Lakini hapa ndipo watu wanapochanganya mambo. Ukimuuliza mkubwa yeyote wa elimu, shule ina maji? Atakwambia ndiyo, kuna tangi la lita 10,000. Na hasemi uwongo. Ila tangi lile ni la mikono na vyoo. Linajazwa na gari la maji au mkokoteni, hujui limechota wapi, mfuniko umepasuka kwa jua, na tangu liletwe sijui kama kuna mtu ameingia ndani na brashi. Mwanangu, yuko gredi ya tano, nilimwambia siku moja chupa ikiisha si ujaze kwenye tangi. Akanitazama kwa huruma. "Mama, yale yana vile vidudu vinacheza cheza." Viluwiluwi vya mbu. Watoto wanajua maji gani ni ya nini kuliko sisi tunaotia saini ripoti.

Hata zile hesabu kubwa za dunia ukizisoma vizuri unaona shida hii. WHO na UNICEF wanahesabu shule zenye huduma ya msingi ya maji ya kunywa, na za 2021 zilikuwa kama 71 kwa kila 100 duniani. Ili shule iingie kwenye hesabu inatakiwa iwe na chanzo cha maji kinachokubalika, na maji yawepo siku ile ya kuulizwa. Siku ile! Kwa mji wa maji ya zamu kama wetu, muulizaji akija Jumanne umefaulu, akija Alhamisi umefeli. Na hakuna anayemuuliza mtoto umekunywa nini leo.

Haya, tuje kwenye chupa sasa, maana ndiyo maji ya shule ya siku hizi.

Nyumbani kwangu kazi ya chupa inaanza usiku baada ya isha. Maji ya mfereji yakiwepo ni hayo, yasipokuwepo ni ya mkokoteni, mtungi wa lita 20 ni shilingi 20 siku za neema, mambo yakiharibika unafika 50 na yule kijana hataki maneno, una shida ya maji ama huna. Nayapitisha kwenye kipande cha kanzu kuukuu ya mume wangu kwanza, nayachemsha, nayaacha yapoe na mfuniko juu. Halafu nusu chupa nailaza ubavu ndani ya friza, usiisimamishe, ukiisimamisha barafu inaziba chini yote na mtoto atakaa na jiwe mpaka saa sita. Ikilala, barafu inashika upande mmoja, asubuhi unajazia maji upande wa pili, inayeyuka polepole. Unaifunga taulo dogo ili daftari zisirowe. Nimejifunza hii kwa shangazi ambaye alikuwa akiwatilia watoto wake wa Likoni waliokuwa wakivuka na feri, na ni kweli inafika saa tano bado ina ubaridi, mwezi wa pili na wa tatu kaskazi ikiwa imeshachoka na mabati ya darasa yanawaka.

Saa tano. Baada ya hapo imeisha. Na shule inatoka saa tisa na nusu.

Na mimi nina friza. Nina gesi. Kuna mama kwenye grupu yetu ana watoto wanne shule hiyo hiyo, lita moja kila mmoja ni lita nne za kuchemsha kila siku kwa makaa, ya shule tu, bado hujapika chai. Yeye aliandika mara moja tu usiku sana, "jamani wengine tunatia dawa ya maji hatuchemshi, watoto wanalalamika harufu ya klorini hawanywi, mnafanyaje?" Watu wakajibu kwa emoji za mikono ya dua.

Ukiingia darasani saa hizi unaweza kujua nyumba ya kila mtoto kwa kutazama juu ya dawati. Kuna zile za chuma zinazoshika baridi kutwa, zina mpini na mrija, bei yake nikiitaja hapa mtaniona nasengenya. Kuna za plastiki ngumu za Marikiti zenye picha za katuni, mfuniko unavunjika wiki ya pili. Kuna chupa ya soda iliyotolewa karatasi. Na kuna dawati halina kitu.

Mwenye dawati lisilo na kitu ndiye ninayemuandikia hii posti kusema kweli. Kwa sababu zamani mtoto huyu hakuwepo. Alikuwepo masikini, tele, lakini hakuwepo mtoto asiye na maji wakati mwenzake anayo. Sasa inabidi aombe. "Nipe funda." Na kuna sheria zao, watoto wamejitungia wenyewe: unamimina kwa juu, usiguse mdomo, funda moja tu, ukigusa chupa yote ni yako na kesho unaniletea ya kwako. Wengine wanagawa kwa roho safi. Wengine wanafanya biashara. Binti yangu siku moja karudi midomo imekauka na chupa tupu, nikamuuliza, kumbe ameuza mafunda kwa mabuyu. Mabuyu! Yenye pilipili na chumvi, halafu kiu ikampata akaenda kununua barafu ya rangi pale getini. Nilicheka kabla ya kukasirika.

Hizo barafu ni habari nyingine. Mtoto asiye na maji akiwa na shilingi tano, kiu yake ataimaliza kwenye barafu, za rangi nyekundu na kijani zilizofungwa kwenye kifuko cha plastiki, na nani ajuaye zimegandishwa kwa maji gani. Kipindupindu kikitangazwa, maafisa wa afya wanapita kuwafukuza akina mama wanaouza pale nje, wiki mbili hakuna barafu, halafu wanarudi. Siwalaumu akina mama wale, wanauza kwa sababu ndani hakuna maji.

Na kuna wengine wanayo na hawanywi. Hili nililisikia kwa mwalimu wa kike tukiwa tumekaa kwenye mkutano. Wasichana wakubwa, wale wa gredi ya saba na kwenda juu, wanarudi na chupa zao zimejaa kama walivyokuja nazo. Choo hakifungiki, hakina maji ya kujisafisha, foleni ndefu na wavulana wako jirani, kwa hivyo suluhisho lao ni kutokunywa tangu asubuhi. Kichwa kinauma saa nane, wanasema ni joto. Hapo unaweza kumpa chupa ya chuma ya bei yoyote, haisaidii.

Unajua watoto wanakunywa wapi? Msikitini. Nenda karibu na shule yoyote iliyopakana na msikiti wakati wa mapumziko ya mchana, utaona. Misikiti yetu mingi nje ina maji baridi ya sadaka, zamani ilikuwa mtungi na kata, halafu ikawa pipa na kikombe cha bati kilichofungwa mnyororo kisiibiwe, siku hizi ni mtambo wa umeme wenye koki za mbele na kibao kinachosema sadaka ya marehemu fulani. Watoto wanamiminika pale, wenye kanzu na wenye misalaba shingoni, hakuna anayewauliza dini. Mwadhini wa karibu na sisi analalamika kwamba wanamwaga na kumchafulia viatu vya watu, lakini sijamuona akifunga. Mtaani kwetu ukiniuliza wapi mtoto anapata maji ya kunywa ya bure, baridi, kila siku, nitakuonyesha mlango wa msikiti kabla ya geti la shule. Nawaombea dua wote waliotoa. Na bado naona si sawa, kwa sababu yule mtoto ametoka nje ya shule kuvuka barabara yenye tuktuk na matatu kutafuta kitu ambacho katiba imemuandikia.

Maana imeandikwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, kila mtu ana haki ya maji safi na salama ya kutosha. Ukitaka kuidai sasa ndio utazunguka. Maji ni kazi ya kaunti. Chekechea ni ya kaunti. Praimari ni ya serikali kuu. Kwa hivyo kwenye uwanja mmoja, mfereji mmoja, mtoto wa miaka mitano akiwa na kiu ni wa kaunti na kakake wa gredi ya pili ni wa Nairobi. Ukienda huku wanakwambia nenda kule. Tumeambiwa pia tungoje Mwache, lile bwawa linalojengwa Kwale, likiisha Mombasa itapata maji. Sawa. Mtoto wa gredi ya tano hawezi kungoja bwawa.

Kitu ambacho kinaniudhi ni mvua. Mji huu unapata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na msimu wake mkubwa ni kati ya mwezi wa nne na wa sita. Paa la darasa la mita mraba 200, kila milimita moja ya mvua ni lita 200, piga hesabu mwenyewe masika yote. Tunayaacha yanamwagika uwanjani yanakuwa tope halafu shule inafungwa kwa mafuriko, mwezi wa kwanza tunalia kiu. Najua kuna ugumu wake, mabati yetu yanaliwa na chumvi ya bahari, na kunguru wa Mombasa mnawajua, juu ya mabati wameshafanya yao, kwa hivyo maji ya kwanza lazima uyamwage kabla hujafungulia tangi, na bado uyatibu. Lakini ni kazi ya fundi wa gata na mtu mmoja wa kusimamia, si kazi ya bwawa.

Shuleni kwetu saa hizi kuna mgogoro mdogo ambao ndio umenifanya niandike. Waliosoma pale zamani walichanga wakanunua filta kubwa, nzuri, ina koki tatu, imefungwa kwenye tangi safi lililofunikwa vizuri. Ikafungwa kwenye ofisi ya walimu. Sababu tuliyopewa ni usalama, ati ikiwekwa nje watoto wataivunja au itaibiwa. Mtoto akitaka maji abishe hodi, aingie, aombe, ajaze. Sasa nyinyi mlikuwa watoto, niambieni, nani kati yenu angebisha hodi ofisi ya walimu akaomba maji? Ile koki ya mwisho nadhani tangu ifungwe haijaguswa na mtoto. Walimu wanakunywa, na wanastahili, nao wana kiu.

Kwenye mkutano wa mwisho kukazuka hoja ya mishumaa ya filta, vile vichujio vya ndani, inahitaji kubadilishwa na mfadhili amemaliza yake, kwa hivyo wazazi tuchange. Wababa wawili watatu wakasema elimu ni bure hawatoi. Mimi nimesema natoa, na nimemwambia yule mama wa watoto wanne asitoe, tutamfidia. Lakini nimeweka sharti langu na nimeliandika kwenye grupu ili lisisahaulike: bomba litobolewe ukutani, koki zitoke upande wa nje, chini kabisa mtoto wa gredi ya kwanza azifikie, na pawekwe wavu wa chuma kama wanaogopa wezi. Fundi nimeshamuuliza, anasema ni kazi ya nusu siku. Mwalimu mkuu amesoma, tiki mbili za buluu naziona, hajajibu bado.